Mzee Akitoka Lopitali

Kwetu Butembo na Beni, siku mzee anatoka lopitali ni siku ya furaha. Wajukuu wanamungojea kwenye barabara, kuku anapikwa, majirani wanaingia mumoja mumoja kusema pole na kumushukuru Mungu. Kisha wiki moja inapita, wageni wanakwisha, na mzee anabaki peke yake kitandani. Tunataka kuandika juu ya siku hizo za nyuma ya furaha, kwa sababu wazee wengi wanapotelea pale, wakati deni ya lopitali imekwisha kulipwa na kila mutu anasema: amepona.

Kwa desturi ya Wanande, mzee hakuwa mutu wa kuwekwa pembeni. Jioni wanaume walikusanyika kwenye kyaghanda, kuzunguka moto. Kila nyumba ilileta chakula, na hapo ndipo maneno ya mashamba, ya ndoa na ya ugomvi yalikatwa. Mzee mwenye kuumwa miguu aliletwa polepole akae karibu na moto. Hakuna aliyemuuliza kama angali na nguvu ya kulima. Walimuuliza mupaka wa shamba unapita wapi, ama ukoo fulani ulitoka kilima gani. Wamama wazee nao walikuwa na kazi yao: kuchunga mbegu, kusaidia wanaozaa, kulea wajukuu. Ugonjwa ulipunguza nguvu ya mwili, lakini haukumunyanganya mzee nafasi yake.

Lopitali ilipofika, desturi hiyo haikufa mara moja. Tukumbuke Oicha, kaskazini ya Beni. Katika miaka ya 1930, munganga Carl Becker, mumisionari Mwamerika, alianza kazi pale. Wagonjwa wa ukoma walimufuata kwa maelfu. Ukoma wakati ule ulikuwa wa kutunzwa miaka mingi, na hakuna kitanda cha kungojea miaka yote hiyo. Basi kukawa kijiji: wagonjwa walijijengea nyumba, wakalima mashamba yao, wakaishi kama watu wenye kijiji chao. Vilevile katika lopitali zetu zote mugonjwa hakuingia peke yake. Alikuwa na garde-malade, ndugu wa kumupikia, kumufulia nguo na kulala chini kwenye mukeka. Wageni wengine waliona ni fujo. Lakini mzee anayeamuka usiku na homa, bila kujua yuko wapi, akisikia sauti ya mutoto wake ikimujibu kwa Kinande, anatulia.

Wasomi wa ngambo walifika kwenye jambo hilo kwa njia yao. Mu 2013 munganga Harlan Krumholz, wa chuo kikuu cha Yale kule Marekani, aliandika kwamba karibu mzee mumoja kati ya watano wanaotoka lopitali anarudishwa mbele ya siku 30 kwisha, na mara nyingi si kwa ugonjwa uleule wa kwanza. Alionyesha sababu: mu lopitali mzee anakosa usingizi, anakula kidogo, analala siku nyingi bila kutembea, akili inachanganyikiwa. Anarudi nyumbani akiwa ameponywa kitu kimoja na kuzoofishwa katika vingine. Na mu 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema wazi kwamba kuzeeka vizuri si kukosa ugonjwa. Ni kuendelea kuweza kufanya yale ambayo mutu mwenyewe anaona yana maana. Wazee wa kyaghanda wangesikia maneno hayo wangetikisa kichwa tu: ni yetu hayo.

Jaribu kubwa lilitufikia tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Ebola ilipotangazwa, ikianzia Mangina. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliona lopitali ambapo ndugu amekatazwa kuingia. Mugonjwa alibebwa kwenye CTE, watu waliomutunza walifunikwa mwili muzima, na yeye aliona macho yao tu. Haikuwa ubaya wa wanganga. Ugonjwa wenyewe ulidai vile. Lakini kwa mzee aliyezoea kuuguzwa na watu wake, ilikuwa kama kuzikwa angali muzima. Woga huo, pamoja na uvumi na siasa ya wakati ule, uliongeza hasira. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa.

Tukumbuke pia mema. Kule Beni kulikuwa vyumba vya ukuta wa plastiki ya kuonekana, ambamo jamaa waliweza kusimama inje, wakamuona mugonjwa wao na kusemezana naye. Na waliopona walirudi ndani ya vituo kufanya kazi: walibeba watoto waliotengwa na mama zao, wakawatuliza wagonjwa, maana miili yao ilikuwa imepata kinga. Mutu aliyesema "miye nilipita mulemule" alisikilizwa kuliko karatasi yoyote.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 walikuwa wameugua, 2.287 walikufa, 1.171 walipona. Waliopona walipewa cheti, lakini cheti hakikutosha. Wengine walibaki na kuumwa viungo na macho, kusahau-sahau na kukosa usingizi. Wengine walikuta kitanda na nguo zao zimechomwa, jirani anakataa kuwapa mukono, na katika nyumba wamekufa wale waliowapenda. Kwa mzee, mambo hayo yote yaliongezeka juu ya uzee wenyewe.

Ni nini basi iliwasimamisha tena? Sala, bila shaka. Pia kumbukumbu: mzee wa kwetu aliona uasi wa 1964, vita ya 1996 na ile ya 1998, anajua kwa mwili wake kwamba taabu inapita na kunapambazuka. Kijana hana hazina hiyo. Lakini hazina hiyo inaoza kama hakuna mwenye kuiulizia.

Niliona jambo hilo nyumbani kwetu. Mukaka wangu alivunjika muguu, akalala wiki nyingi lopitali. Aliporudi, kwa upendo, tulimukataza kila kitu: "Mukaka, usiguse! Mukaka, lala tu!" Akalala. Akaacha kula, akaacha hata kutugombeza, na pale ndipo tuliogopa. Siku moja jirani aliingia na kikapo cha maharagi: "Mukaka, unisaidie kuchagua mbegu, miye sijui ile ya musimu huu." Mukaka akaomba akalishwe kwenye mukeka inje. Alichagua mupaka jua kuzama, akacheka ujinga wetu. Kesho yake aliuliza fimbo yake iko wapi. Hakupata tena muguu wa zamani, lakini alikuwa amerudi.

Leo nafasi ya mzee inapunguka. Vyaghanda vinakuwa vichache, watoto wako Goma na Kampala. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji ya Beni yamefukuza jamaa nyingi. Mzee anaweza kutoka lopitali akapelekwa kwenye nyumba ya kuazima, bila shamba, bila jirani anayejua jina la baba yake. Dawa ya munganga haiwezi kuziba pengo hilo. Sisi tunaweza, kidogo.

Tumulishe vizuri, tumutembeze kila siku, tumuache alale usiku bila kelele. Na zaidi ya hayo, tusimuulize tu "unaumwa wapi?" Tumuulize pia njia ya shamba la zamani, jina la aliyemutangulia, namna ya kuchunga mbegu. Kisha tukae, tungoje jibu.