Kompyuta darasani: kwa kijana wa Mudende au wa kambini anayesomea ualimu

Mudende ni sekta ya wilaya ya Rubavu, juu ya mji wa Gisenyi: viazi, ng'ombe wa maziwa na udongo mweusi wa volkeno. Wakimbizi wengi wa Kongo walioko Rwanda wanalijua jina hili kwa sababu nyingine. Mwaka 1984 kilifunguliwa hapa Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Masomo yalikatika wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na chuo kikaanza upya Kigali mwaka 1996. Katika miaka hiyohiyo Mudende ilipokea wakimbizi waliotoka Masisi na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini. Kambi yao ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, Agosti na tena Desemba, na mamia ya watu wakauawa. Walionusurika walipelekwa Gihembe, karibu na Byumba. Kambi ya Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021, na wakazi wake wengi wakahamia Mahama, wilaya ya Kirehe.

Watoto waliozaliwa katika safari hiyo sasa ni vijana, na baadhi yao wanataka kufundisha. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: mimi ambaye nimegusa kompyuta mara chache tu, nitawezaje kuitumia mbele ya darasa?

Njia ya kufika

Nchini Rwanda watoto wakimbizi husoma katika mfumo wa elimu wa taifa. Anayetaka kufundisha shule ya msingi huingia chuo cha ualimu, kile ambacho kila mtu hukiita TTC, baada ya mtihani wa taifa wa mwaka wa tatu wa sekondari, na husoma miaka mitatu. Kwa upande wa Rubavu chuo hicho ni TTC Gacuba II, Gisenyi. TEHAMA ni sehemu ya mafunzo. Kabla ya kuomba nafasi, muulize mkuu wa shule yako au ofisi ya elimu ya kambi kuhusu masharti ya mwaka husika, ada, na hati zinazokubaliwa kwa aliyesoma Kongo. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi nafasi.

Anayekwenda kufundisha sekondari huendelea chuo kikuu. Kuna pia vijana waliosomea digrii wakiwa kambini: programu ya Kepler ilianza Kiziba, wilaya ya Karongi, mwaka 2015, wanafunzi wakisoma kwa kompyuta kupitia chuo kikuu cha Marekani, Southern New Hampshire.

Kompyuta peke yake haifundishi

Rwanda imeshalipia somo hili. Kuanzia mwaka 2008 serikali iligawa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe kwa shule za msingi, chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na zilifika zaidi ya 200,000. Kuna shule zilizozitumia vizuri. Kuna nyingine ambako zilikaa kabatini kwa kuwa hakukuwa na umeme wa kuzichaji, au mwalimu alikuwa ameonyeshwa namna ya kuziwasha bila kuonyeshwa namna ya kufundishia hesabu au sayansi. Mwaka huohuo wa 2008 UNESCO ilitoa mwongozo wa ujuzi wa teknolojia kwa walimu, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2011 na 2018. Mwongozo huo unaanza na sera, mtaala na namna ya kufundisha, na vifaa vinafuata baadaye. Nami nakubaliana nao. Mwanachuo anayejua kila kitufe lakini hajui mwanafunzi wake anakwama wapi katika sehemu za namba, bado hajawa tayari.

Kwa hiyo andalio la somo liandikwe kwanza bila kifaa chochote. Kisha ujiulize: ni wapi hasa chaki na maneno yangu havitoshi? Hapo ndipo pa kuweka picha, sauti au video, na mara nyingi dakika saba zinatosha.

Chukua somo la volkeno. Mtoto wa Rubavu hahitaji kuambiwa kwamba Nyiragongo ipo. Tarehe 22 Mei 2021 ilipolipuka, lava ilishuka kuelekea Goma, na matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba hadi Gisenyi. Darasani anza na walichokiona wao na wazazi wao. Ambacho hawakukiona ni kilichotokea chini ya ardhi: mpasuko ulivyofunguka ubavuni mwa mlima na lava kutokea hapo badala ya kumwagika kutoka kileleni. Hapo ndipo mchoro unaotembea kwenye skrini unafanya kazi ambayo ubao hauwezi. Halafu zima kifaa, wachore wenyewe. Kumbuka pia kwamba kwa baadhi yao hilo si somo tu. Kuna aliyekimbia usiku ule, kwa hiyo waonye kabla ya kuonyesha picha za moto.

Bila intaneti

Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu ya bei ya bando. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao, unayaweka katika kompyuta moja, na simu au tableti zilizo karibu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya humo ndani bila kutumia bando. Mwalimu anaweza kuona nani amemaliza zoezi na nani amekwama. Kwa sayansi kuna PhET, majaribio ya kwenye skrini yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu hata kama shule haina hata balbu moja ya maabara. Kwa kusoma, African Storybook ina hadithi za bure kwa Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine, na zinaweza kuchapwa kwenye karatasi. Hizi zinamsaidia sana mtoto aliyetoka Kongo na Kifaransa na Kiswahili chake, akakuta hapa masomo ni kwa Kiingereza.

Kakuma na Dadaab nchini Kenya, na Nyarugusu nchini Tanzania, zina shule za wakimbizi zilizo katika mpango wa UNHCR na Vodafone Foundation ulioanza mwaka 2013, wenye tableti, projekta na umeme wa jua. Ukiwa na simu moja tu, usiwasubiri wao. Wagawe watoto katika makundi: kundi moja kwenye simu, mengine kwenye kazi ya daftari, kisha wabadilishane. Redio pia ni teknolojia. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi wa Rwanda walifuatilia masomo redioni.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikimtazama mwanachuo akihangaika na projekta kwa dakika ishirini. Wanafunzi walikuwa zaidi ya hamsini. Umeme uliporudi kipindi kilikuwa kimekwisha. Hakuwa mvivu, ila hakuwa na mpango wa pili. Jaribu kifaa siku moja kabla, chaji usiku, na uwe na mchoro uleule kwenye karatasi kubwa.

Picha za watoto

Hili tunaliandika kwa uzito. Walimu wanafunzi hupenda kupiga picha za darasa na kuziweka WhatsApp au Facebook. Kuna familia kambini zinazotafutwa na watu waliowafanya wakimbie, na waliopitia Mudende wanajua maana ya adui kujua mnapoishi. Sura ya mtoto, jina la shule na tarehe vikiwekwa pamoja vinatosha kumfichua. Usirushe picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi na ya shule, hata kama mtoto mwenyewe anatabasamu na kuiomba. Ukihitaji picha kwa ripoti ya mazoezi ya kufundisha, piga ubao, daftari, au mikono ikifanya kazi. Orodha ya majina na alama usiiache wazi kwenye simu ya kuazima, na ukirudisha kompyuta ya chuo, futa faili zako na utoke kwenye akaunti zako zote.

Mtoto akikuambia kwamba kuna mtu anamtumia ujumbe wa vitisho au wa kumtongoza, usifute ujumbe huo na usimjibu mtu huyo. Mpeleke mtoto kwa mhusika wa ulinzi wa watoto hapo shuleni au kambini siku hiyohiyo.