Gemu na Malungu

Jioni moja pale Mpui nilijibanza mlangoni mwa kibanda cha gemu, nikingoja mvua ikatike. Vijana wanne walikuwa wakisubiri zamu zao huku wakibishana ni akina nani waliobuni michezo ile. Mmoja akasema, "Sisi sayansi hatukupewa." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe nilipokuwa shuleni.

Kumbe juu ya uwanda huu huu wa Ufipa mababu walijenga malungu, yaani matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha chuma bila kuvukuta. Joto lilipopanda juu, lilivuta hewa kupitia matundu ya chini. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha yakafuliwa majembe. Chuma cha ng'ambo kilipoenea madukani, moto wa malungu ulizimika, na ujuzi ukafuata.

Tena mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Matangazo ya televisheni huku Bara yalianza 1994. Miaka 20 ni umri wa kijana mmoja. Hatukunyimwa akili, kamba ya ujuzi ilikatika mara mbili.

Niliwasimulia hayo. Yule kijana akauliza, "Mzee, malungu yenyewe yako wapi?"

"Mabaki yapo maporini na mashambani. Mnayapita tu."

Zamu yake ilikuwa imefika. Hakuinuka, akaniuliza jinsi hewa ilivyoingia.