Kiwanja, Anwani na Mita: Hoja ya Kuunganisha Data za Mahali katika Halmashauri za Tanzania

Utangulizi

Nyumba moja iliyoko mjini Tanzania yaweza kutambuliwa na serikali kwa namna tatu tofauti: kwa afisa ardhi ni kiwanja chenye namba ndani ya kitalu, kwa mtendaji wa mtaa ni namba iliyobandikwa mlangoni pamoja na jina la barabara na postikodi ya kata, na kwa mkusanyaji wa kodi ya majengo ni mita ya umeme. Kila utambulisho una historia yake, ofisi yake na mfumo wake wa kompyuta, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayelazimika kuzunguka na karatasi mkononi ili kuthibitisha kwamba vyote vitatu vinahusu jengo lile lile. Makala hii inatetea hoja kwamba kuunganisha data hizo kunahitaji kwanza kuamua ni nani mwenye wajibu wa kudumu wa kuzitunza, na kwamba wajibu huo hauna budi kukaa katika halmashauri, ambako mabadiliko ya ardhi na majengo huonekana mapema, ilimradi halmashauri nayo inufaike na kazi hiyo.

Kiwanja na anwani

Kiwanja ni zao la sheria. Ni kipande cha ardhi ambacho mipaka yake imepimwa, ramani yake ya upimaji imeidhinishwa na mamlaka ya upimaji na ramani, na haki ya kukimiliki hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Anwani, kwa upande wake, ni zao la matumizi: humwelekeza mgeni, gari la wagonjwa au zimamoto mpaka mlangoni, lakini haithibitishi umiliki wa mtu yeyote. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uwiano wa moja kwa moja kati ya rekodi hizo mbili usiwezekane, kwa kuwa ghorofa la Kariakoo laweza kubeba makumi ya maduka na ofisi juu ya kiwanja kimoja, ilhali nyumba nyingi za Manzese au Tandale zina anwani pasipo kuwa na kiwanja kilichopimwa. Kati ya hali hizo mbili zimo leseni za makazi, ambazo zilianza kutolewa kwa wingi jijini Dar es Salaam mwaka 2004 baada ya kutambuliwa kwa milki zaidi ya 200,000 katika maeneo yasiyopangwa, na vijijini zimo hati za hakimiliki za kimila zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999.

Hatua kubwa kwa upande wa anwani ilipigwa mwaka 2022. Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 8 Februari, ilizitaka halmashauri zote zibainishe barabara, zitoe namba za nyumba na kuziingiza katika mfumo wa kidijitali kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120 na majengo zaidi ya milioni 14. Hata hivyo, operesheni kwa asili yake hunasa hali ya siku moja, wakati mji hausimami: vyumba huongezwa uani, viwanja hugawanywa kwa warithi, na nyumba hubomolewa kupisha barabara. Kwa hiyo thamani ya kazi ya 2022 inategemea ni nani anayeandika mabadiliko ya kila mwezi baada ya operesheni kufungwa.

Nukta zisizolingana

Wapo wanaodhani kwamba kuunganisha ni kuweka tu ramani ya viwanja juu ya ramani ya anwani na kuiachia kompyuta izilinganishe. Dhana hiyo inapuuza historia ya vipimo. Upimaji wa zamani nchini ulifanywa kwa kutumia mfumo rejea wa Arc 1960, yaani msingi wa kihesabu unaoamua majiranukta, au tarakimu zinazoonyesha mahali pa kila jiwe la mpaka. Anwani, kwa upande mwingine, hukusanywa kwa simu zinazopokea mawimbi ya setilaiti na kutumia mfumo rejea wa kimataifa. Majiranukta ya mifumo hiyo miwili yakichanganywa bila kugeuzwa, sehemu ile ile huonekana kusogea kwa karibu mita 300, kiasi cha kukihamishia kiwanja mtaa wa pili.

Hata baada ya kasoro hiyo kurekebishwa, kwa mfano kwa kuhamishia rekodi za zamani kwenye mfumo rejea mpya wa taifa wa TAREF11, tatizo dogo zaidi hubaki. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na kosa hilo huongezeka penye kuta zilizosongamana, kwa hiyo mahali ambapo kiwanja kina upana wa mita 15 au 20 nukta iliyochukuliwa mlangoni huweza kuangukia kwa jirani. Uhakiki wa mwisho, basi, hauwezi kukamilika pasipo mtu anayeujua mtaa, naye huyo yuko kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuliko makao makuu ya wizara.

Kodi iliyohama

Swali linalofuata ni kwa nini halmashauri, ambazo ndizo zenye watu hao, hazijawa watunzaji hodari wa data za majengo. Sehemu ya jibu imo katika historia ya kodi. Sheria ya mwaka 1983 iliyohusu kodi ya majengo mijini iliifanya kodi hiyo kuwa chanzo cha mapato cha mamlaka za miji, na hivyo kila jengo lisiloandikwa katika daftari lilikuwa hasara kwa halmashauri yenyewe. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kuanzia Agosti 2021 kodi ikawa inakatwa mnunuzi anapoongeza umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 hadi 1,500 na 7,500.

Utaratibu huo una sifa zake, kwa kuwa unapunguza gharama ya ukusanyaji na kuwafikia walipaji ambao hawakuwahi kuonekana katika daftari lolote. Lakini ulileta matokeo mawili yanayohusu hoja hii. Kwanza, mita iligeuka kuwa kitambulisho cha jengo ingawa haikukusudiwa hivyo, na ikabidi mwenye nyumba yenye mita nne, au mpangaji anayejinunulia umeme, atafute marekebisho. Pili, hata pale sehemu ya mapato inaporejeshwa, halmashauri haipati shilingi ya ziada kwa kusahihisha rekodi ya nyumba moja. Ofisi isiyofaidika na usahihi wa daftari haiwezi kutarajiwa kulitunza kwa bidii kwa sababu tu imeandikiwa waraka.

Chanzo kiwe kipi?

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba uunganishaji uliofanikiwa haukuzipokonya serikali za mitaa kazi yao. Nchini Uingereza, mabaraza ya mitaa ndiyo yenye mamlaka ya kisheria ya kutaja majina ya barabara na kutoa namba za nyumba. Data zao hukusanywa na GeoPlace, taasisi inayomilikiwa kwa pamoja na umoja wa serikali za mitaa na wakala wa ramani wa Ordnance Survey, na kila jengo hupewa namba ya pekee isiyobadilika hata jina la barabara likibadilika. Mwaka 2020 namba hizo zilifunguliwa ili zitumiwe na yeyote bila malipo. Nchini Denmark, ambako manispaa ndizo zinazotoa anwani, makubaliano ya mwaka 2002 yaliziweka data hizo wazi, na tathmini iliyofuata ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2009 jamii ilinufaika kwa takribani euro milioni 62 dhidi ya gharama ya karibu euro milioni 2.

Fundisho la nchi hizo ni kwamba kinachopaswa kuwa kimoja ni kitambulisho, wala si ghala la data. Namba ya pekee ya jengo, isiyobeba ndani yake jina la wilaya wala kata, ingedumu hata mipaka ya utawala inapochorwa upya, kama ilivyotokea Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Daftari la ardhi, mfumo wa anwani na orodha ya mita vingebaki kwa wenyewe, huku kila kimoja kikiibeba namba hiyo. Mlango wa kuingizia mabadiliko nao upo tayari: kibali cha ujenzi katika maeneo yaliyopimwa, na katika maeneo yasiyopimwa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mauziano ya nyumba hushuhudiwa kila siku na kuishia kwenye jalada la karatasi.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba nyingi kati ya halmashauri 184 zina upungufu wa wapima na wataalamu wa ramani. Upungufu huo ni wa kweli, lakini unaweza kupunguzwa kwa halmashauri jirani kushirikiana kitengo kimoja, na kwa kutumia nguvu iliyokwisha kuonekana katika Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Pingamizi ya pili inahusu faragha, kwa kuwa daftari linalounganisha mahali na jina la mmiliki laweza kutumiwa vibaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai tahadhari hiyo, na kitambulisho cha pamoja huitimiza kirahisi zaidi, kwa sababu mahali pa jengo paweza kuwa wazi kwa wote huku jina la mmiliki likibaki katika daftari la ardhi chini ya ruhusa maalumu.

Hitimisho

Iwapo sehemu ya kodi ya majengo itafungamanishwa na usahihi wa rekodi ambazo kila halmashauri inazihakiki, na iwapo namba moja ya jengo itatambuliwa na ofisi zote tatu, teknolojia iliyopo itatosha kwa kazi iliyobaki. Kipimo cha mafanikio kitakuwa tukio dogo la kawaida: ndugu wawili wanapogawana nyumba ya urithi na kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mabadiliko hayo yafike kwenye daftari la ardhi, kwenye anwani na kwenye mita, pasipo mmoja wao kupanga foleni katika ofisi tatu akieleza kwamba nyumba ni ile ile.