Kadi, Simu na Mpaka: Vijana wa Gisenyi na Historia ya Usafiri Jumuishi wa Kidijitali

Historia ya usafiri wa kidijitali nchini Rwanda kwa kawaida huanzishwa Kigali, Desemba 2015, kadi ya Tap&Go ya kampuni ya AC Group ilipoanza kuchukua nafasi ya fedha taslimu mabasini. Kwa Gisenyi mwanzo huo hautoshi. Mji huu ulikuwa makao ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL), iliyoundwa na Burundi, Rwanda na Zaire mwaka 1976. Kuunganishwa, hapa, kulimaanisha kuvuka mpaka miongo kadhaa kabla ya kadi hiyo.

Maana hiyo kongwe hueleza mtazamo wa vijana vizuri kuliko dai kwamba wanaipenda au wanaiogopa teknolojia. Fedha za simu si jambo geni kwao; MTN ilizianzisha nchini mwaka 2010. Hata hivyo, kijana anapofika Petite Barrière, kivuko ambacho kabla ya UVIKO-19 kilipitwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao kwa miguu, nauli hubadilika sura. Upande wa Goma huhesabiwa faranga za Kongo na dola, na bei ya pikipiki hupatanwa papo hapo, aghalabu kwa Kiswahili, ambacho Rwanda nayo imekifanya lugha rasmi tangu 2017. Mfumo unaokoma kizuizini humfikisha nusu ya safari, hata ukiitwa jumuishi.

Lipo pia suala la makato. Tarehe 13 Januari 2022 waendesha pikipiki wa Kigali waligoma wakipinga mita za kidijitali. Kuuita mgomo huo ukaidi wa watu wasiotaka maendeleo ni usomaji mwepesi mno: walilalamikia makato na gharama za bima, yaani nani apange nauli na nani abaki na sehemu yake. Hojaji inayomuuliza kijana kama "anakubali" huduma za kidijitali hailigusi swali hilo.

Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 lilipoitwaa Goma, benki za mji huo zilifungwa. Katika majuma yaliyofuata, wapo wakazi waliovuka hadi Gisenyi, si kutafuta mtandao bora wala kadi, bali noti za kushika mkononi.