Mwana wa Mfalme Asiye na Farasi

Kitabu cha maisha ya mwana wa mfalme wa Kijerumani wa karne ya 19 huanza na nasaba, kikaja kikosi, kisha farasi. Friedrich Karl wa Prussia, aliyezaliwa Berlin mwaka 1828, ni mfano wa kutosha. Mwaka 1849 alijeruhiwa huko Baden akiwaongoza wapanda farasi dhidi ya waasi. Wakampachika jina la Mwanamfalme Mwekundu kwa sababu ya rangi ya sare ya kikosi chake. Oktoba 1870 mji wa Metz ulisalimu amri mbele ya jeshi lake, naye akapandishwa kuwa jemadari mkuu. Alifariki mwaka 1885, mwaka uleule ambao baba yake mkubwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza, alitoa hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters na mikataba yake ya ujanja huku kwetu.

Sasa mlete mtu wa namna hiyo Manyoni. Hapa ndipo ilipokuwa sehemu kubwa ya Mgunda Mkali, nyika ya vichaka vizito kati ya Ugogo na Unyamwezi, ambayo Burton na Speke waliivuka mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Maji yalikuwa haba, na mbung'o walikuwa tele. Mbung'o hamuulizi farasi ukoo wa anayempanda. Humwambukiza nagana, mnyama akakonda na kufa. Kwa hiyo sifa zote ambazo afisa wa Kijerumani alizitundika kwenye tandiko hazikuwa na pa kukaa. Bwana mkubwa alikwenda kwa miguu, au juu ya punda, au mabegani mwa watu.

Ndiyo maana napenda kumlinganisha Friedrich Karl na Tom Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, ambaye wengi barani walimwita Bwana Sakarani. Prince kwake lilikuwa jina la ukoo tu, si cheo. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza, mama Mjerumani, na neno "von" alilipata baadaye kama tuzo. Hakuwa na nasaba ya kuanzia sura ya kwanza. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1914, zinahusu miaka yake ya uluteni, 1890 hadi 1895, na jina la kitabu linataja maadui: Waarabu na Wahehe. Kwangu mimi hapo pana siri kubwa ya uandishi wa kikoloni. Friedrich Karl alikuwa mtu kabla ya kupigana na yeyote. Prince alihitaji Isike na Mkwawa ili awe mtu.

Na maadui hao walikuwa watawala kwelikweli. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwarudisha Wajerumani nyuma mara kadhaa mwaka 1892. Januari 1893 Prince alipoivunja ngome yake karibu na Tabora, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani yake na watu wake. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapoteza Kalenga Oktoba 1894, akawakwepa Wajerumani porini kwa karibu miaka minne, kisha akajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Katika masimulizi ya Wahehe, tarehe ya kuzaliwa haina kazi kubwa. Maisha hupimwa kutokea mwisho kurudi nyuma: alikufaje, nani alimshika, mwili ulipelekwa wapi. Swali la mwisho lilifika hadi Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na fuvu la Mkwawa likarudi mwaka 1954. Leo liko Kalenga.

Ajabu ni kwamba hapo mila mbili zinakutana. Afisa wa Prussia naye alifundishwa kwamba kufa kunashinda kujisalimisha, na Prince mwenyewe aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, akipigana na jeshi lililotoka India chini ya bendera ya nchi ya baba yake. Kwa sheria ya Isike na Mkwawa, angepewa sifa. Nadhani alilijua hilo, na labda ndiyo sababu hakuwadharau.

Lakini kuna mila ya tatu, na ni ya Kiswahili, ambayo haijali sana kufa wala farasi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake Unguja kwa kuombwa na Heinrich Brode, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafariki mwaka 1905. Anaanza alipokuwa kijana wa miaka 12, akifanya safari fupi na sandarusi kidogo. Kisha ni deni, bei, pembe, barua, mkataba. Huyu naye alikuwa na majeshi na aliteka nchi, lakini simulizi lake linakwenda kwa mahesabu. Anayelisoma baada ya vitabu vya maafisa huona kwamba ushujaa ni gharama: nani alilipa vitambaa, nani alilipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili msafara upate maji.

Hata hivyo Tippu Tip ni tajiri, na tajiri huhesabu mizigo kuliko migongo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30, na aliyeubeba kupita Mgunda Mkali mara nyingi alikuwa Mnyamwezi asiye na kitabu. Bila yeye Prince asingefika Tabora. Wala mzinga wake usingefika. Wanaomkaribia ni waandishi wa *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na mtu wa kawaida anaonekana akiwa na njaa, hofu na ubishi. Mwalimu wa historia Manyoni akiniuliza aanzie wapi, Prussia au Kalenga, nitamwambia aanze na Selemani, kisha ndipo awarudie wakubwa.