Kilobaiti 640: jinsi DOS na Windows za zamani zilivyogawa kumbukumbu

Kumbukumbu ya kawaida ni eneo la kwanza la kumbukumbu katika kompyuta za jamii ya IBM PC, kuanzia anwani sifuri hadi kilobaiti 640. Mpaka huo ulitokana na kompyuta ambayo IBM iliitoa mwaka 1981 ikitumia prosesa ya Intel 8088. Prosesa hiyo ilikuwa na anwani za biti 20, hivyo haikuweza kufikia zaidi ya baiti 1,048,576. Kilobaiti 384 za juu zilitengewa skrini, kadi za nyongeza na BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine. Zilizobaki chini ndizo zilizoachiwa mfumo endeshi na programu zote.

Hata hizo 640 hazikumfikia mtumiaji zikiwa kamili. Kilobaiti ya kwanza ilikuwa ya jedwali la vikatizi. Juu yake zilikaa data za BIOS, kiini cha mfumo endeshi wa MS-DOS, viendeshi vilivyotajwa katika faili la CONFIG.SYS, kisha COMMAND.COM, programu inayopokea amri. Hii ya mwisho iliundwa kwa werevu mkubwa: sehemu yake ndogo ilibaki chini wakati wote, na sehemu nyingine iliwekwa kileleni mwa kumbukumbu, ambako programu yenye kuhitaji nafasi iliruhusiwa kuifuta. Programu ilipomaliza kazi, sehemu ya chini ilikagua kama ile ya juu bado ni nzima. Ikiwa imeharibika, ilisomwa upya kutoka diskini. Ndiyo maana waliotumia diski laini peke yake waliombwa mara kwa mara waingize tena diski ya DOS.

Nafasi iliyobaki iligawanywa mafungu, kila moja likitanguliwa na kichwa cha baiti 16 kinachotaja mwenye fungu na ukubwa wake. Herufi M ilionyesha kwamba mbele kuna fungu jingine, na Z kwamba ndilo la mwisho. Hapakuwa na ulinzi wowote: programu moja ikiandika juu ya kichwa kisicho chake, mnyororo mzima ulikatika na kompyuta ikaganda.

Windows 3.0 ya mwaka 1990, ikiwa juu ya prosesa ya 80386, iliwezesha kufungua madirisha kadhaa ya DOS kwa pamoja, kila moja likijiona ni kompyuta kamili yenye kilobaiti 640 zake. Hapa ndipo wengi walipopotea. Kila dirisha lilirithi hali ya DOS kama ilivyokuwa kabla Windows haijaanza. Kiendeshi cha kilobaiti 40 kilichopakiwa na CONFIG.SYS kilipunguza kilobaiti 40 katika kila dirisha, lakini programu iliyopakiwa ndani ya dirisha moja ilipunguza nafasi ya dirisha hilo tu. Kununua megabaiti nyingi za kumbukumbu hakukuongeza hata baiti moja kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo tiba ilikuwa kupunguza mzigo kabla Windows haijaanza. MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 ilileta agizo la DOS=HIGH, lililohamishia sehemu kubwa ya kiini juu ya megabaiti ya kwanza, pamoja na DEVICEHIGH na LOADHIGH, yaliyopenyeza viendeshi na programu katika mianya ya zile kilobaiti 384. Amri ya MEM /C ilionyesha nani ameshika kiasi gani, na kwa maoni yangu hakuna amri iliyomfundisha mtumiaji mengi zaidi kuhusu mashine yake.

Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, haikukaa juu ya DOS. Kila kikao cha DOS kilijengwa upya kwa kufuata CONFIG.NT na AUTOEXEC.NT, na faili la PIF, lenye mipangilio ya programu ya DOS, liliweza kukielekeza kwenye mafaili mengine. Windows za biti 64 hazina kabisa sehemu ya kuendesha vikao vya DOS, hivyo mwenye programu za DOS leo huziendesha ndani ya kiigizi kama DOSBox.