Mashine Iliyohesabu Mikate

Mwishoni mwa Novemba 1951, huko Hammersmith, magharibi mwa London, kompyuta ilianza kupiga hesabu za mikate. Kila wiki ilijumlisha thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka katika matanuri ya J. Lyons & Co., kampuni iliyojulikana Uingereza nzima kwa mikahawa yake ya chai. Mashine hiyo iliitwa LEO, nayo ndiyo kompyuta ya kwanza duniani kukabidhiwa kazi za kawaida za ofisi ya biashara.

Kwa nini wauza chai, wala si benki? Faida ya kikombe cha chai ni senti chache, lakini hesabu yake haipungui: maziwa, sukari, mhudumu, usafiri. Ofisi ya Lyons ilijaa makarani. Mwaka 1947 maofisa wake wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, walikwenda Marekani kutazama mbinu mpya za kazi za ofisi, na hukohuko wakaambiwa kwamba mashine ya aina wanayoiwazia inajengwa kwao nyumbani, Chuo Kikuu cha Cambridge. Lyons ikakichangia chuo fedha. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilipoanza kazi Mei 1949, mhandisi John Pinkerton aliichukua kama kielelezo akaijengea Lyons mashine yake.

LEO ilijaza ukumbi. Ilikuwa na maelfu ya valvu za kioo, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa katika mirija ya zebaki, ambamo tarakimu zilizunguka kama mawimbi ya sauti bila kutulia. Kumbukumbu yote haikufika kilobaiti 9. Picha moja ya simu yako isingeenea humo hata kidogo.

Ufinyu huo ndio uliowafunza watu kuandika programu. Mary Coombs, aliyesomea Kifaransa chuoni, alijiunga na kikosi cha LEO mwaka 1952 akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara. Hakukuwa na kioo cha kutazama wala kibodi ya kurekebishia kosa papo hapo. Amri ziliandikwa kwa penseli, moja moja, na kila amri ilihesabiwa nafasi yake kama abiria katika basi lililojaa. David Caminer, aliyesimamia kazi hiyo, alishikilia kwamba programu ya mtu isomwe na mwenzake kabla haijafika kwenye mashine. Kisha ilitobolewa kwenye mkanda wa karatasi au kadi, ikasubiri zamu yake. Naiheshimu sana nidhamu ile: kosa lilitafutwa kwa macho na kichwa, watu wawili wameinamia karatasi moja.

Mtihani mkubwa ulikuwa mishahara. Karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja, pamoja na kodi na makato. LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Lakini mshahara haukubali kuchelewa, na valvu huungua bila taarifa. Kwa hiyo mafundi waliipima mashine kwa kuchezesha umeme wake, ili valvu dhaifu ife kabla ya kazi kuanza.

Katika toleo la LEO III, la miaka ya 1960, kiliwekwa kipaza sauti kilichounganishwa na moyo wa mashine. Kila programu ilikuwa na mlio wake, na programu iliyonasa mahali pamoja ikizunguka bure ilitambuliwa kwa sikio.

LEO ya kwanza ilizimwa Januari 1965. Coombs, aliyekuwa na watoto wa kulea, aliendelea kwa muda na kazi ya kuhariri vitabu vya maelekezo ya mashine. Baadaye aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa kuandika programu, kisha akawa mwalimu wa shule ya msingi.